Ubeti wa Jina

Nasriya binti Marhoon ana miaka arobaini na mitatu, na waimbaji wa Maskati humwogopa kama wanafunzi wanavyomwogopa mwalimu wa hesabu. Mchana yuko ofisini Al-Khuwair, katika idara moja ya serikali ambayo kazi yake kubwa ni kupiga mihuri na kudai barua nyingine. Kila Jumatano huandika ukurasa wa muziki katika gazeti moja la mtandaoni, kwa Kiarabu kilichonyooka. Husifu kwa nadra. Akikusifu, simu yako hailali wiki nzima. Akikukandia, hata mama yako mzazi atakuuliza kama huna kazi nyingine ya kufanya. Watu humwita ustadha, naye aliupenda wito huo kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Huyu ndiye ninayetaka kumsimulia, na nasema mapema kwamba simulizi lenyewe halimpambi. Mwenyewe hajipambi siku hizi. Ukimuuliza habari ya ule wimbo wa Ghassan, uso humshuka, hushika ncha ya shela yake akaikunja na kuikunjua, kisha akakwambia: "Kosa lile ni langu. Kijana hana lake." Na ni kweli, kijana hana lake.

Ghassan ni mtu wa adabu, wa familia ya Kizanzibari, na chumba chake cha kurekodia kiko Ghala, juu ya gereji la kunyoosha bodi za magari. Husubiri mafundi waende kuswali ndipo aimbe, maana wakirudi kwenye nyundo zao hapana sauti ya binadamu itakayofua dafu. Mwaka jana alimsikia mama yake jikoni, anakuna nazi huku anaimba kwa sauti ya chini:

Mwanangu nenda kwa pole, njia haina haraka;
ukilia, lia kwangu, kwao uende wacheka.

Ufunguo wa chumbani, nimeufunga shukani;
ukichoka kwa wenzio, rudi ulale nyumbani.

Mama alizijua beti hizo mbili tu. Alizisikia zamani katika harusi za wanawake, pale bibi harusi anapotolewa kwao, na aliyezitunga hakumjua. Ghassan akazipenda. Akazitia udi na ngoma ya kidumbaki, akaongeza kiitikio cha Kiarabu, na kabla ya kuutoa wimbo hadharani akafanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: akauliza. Na wa kuulizwa mambo kama hayo Maskati nzima ni nani, kama si ustadha Nasriya?

Simu ilimkuta nyumbani kwa mama mkwe wake, Bi Maha, siku ya Ijumaa baada ya chakula. Wanawake wanane walikuwa wamekaa chini kulizunguka sinia la halwa. Bi Maha ni mtu wa watu wa Mwanza, ukoo wa biashara, maneno yake machache na macho yake mengi. Kahawa ya nyumbani kwake huimimina mwenyewe.

"Ustadha, samahani nakusumbua siku ya mapumziko," Ghassan alisema. "Kuna wimbo wa kutolea mabibi harusi, *Nenda kwa Pole*. Mtungaji wake unamjua? Nataka kuandika jina lake, wallahi, nisije nikamdhulumu mtu."

Nasriya alimjua. Hapana mtu duniani aliyemjua kuliko yeye. Jina lilimfika mpaka kwenye ulimi. Alipoinua macho aliwaona wanawake wote wamenyamaza, kama watu wanavyonyamaza mwenzao akipigiwa simu, na Bi Maha ameliinua dele la kahawa lakini hamimini.

"Hauna mwenyewe huo," Nasriya akasema. "Ni wa zamani. Andika *turathi*."

"Turathi, ya'ni urithi wa watu wote?"

"Ndiyo. Wa watu wote."

Bi Maha akamimina. Nasriya aliinywa kahawa kwa mkupuo mmoja, ikamchoma.

Wimbo ulipotoka ulienea kila mahali. Uliimbwa kwenye magari na maduka makubwa, na watoto wasiojua neno la Kiswahili walikuwa wanasema "rudi ulale nyumbani" wakitaka kutaniana. Nasriya naye aliuandikia ukurasa mzima. Aliandika kwamba nyimbo nyingi za siku hizi zimejazwa vyombo mpaka msikilizaji hana pa kukaa, lakini huu umemwachia nafasi, umemtandikia na mkeka. Sentensi hiyo ilishikwa na watu. Walimu waliisoma darasani. Na juu ya picha ya Ghassan palikuwa na neno moja kwa herufi nene: *turathi*.

Sasa utauliza, kwani hapakuwa na ushahidi? Wimbo umeimbwa Maskati karibu miaka hamsini, hata mkanda mmoja haukusalia? Haukuwepo. Upande wa wanawake hakurekodiwi. Zamani ilikuwa mwiko tu, wala hapakuhitajika kusema. Siku hizi mlangoni anasimama mtu na mfuko, anakusanya simu, au anabandika kikaratasi juu ya kamera. Ni heshima nzuri, wanawake wanajifunua na kucheza kwa raha zao. Lakini ndiyo maana kila kilichotungwa humo ndani hakina pengine pa kukaa ila vichwani mwa waliokuwepo. Na kati ya waliokuwepo, aliyejua kuandika na aliyekuwa na ukurasa wake alikuwa mmoja.

Mtungaji alikuwa hai. Alikuwa pale pale Ghala, katika nyumba za zamani nyuma ya magereji, hatua mia tatu kutoka kwenye chumba alichorekodia Ghassan. Jina lake Hamdiya, na watu walimwita Hamdiya wa Kazija, kwa jina la mama yake, kama walivyokuwa wakiitwa wanawake wa ngoma. Alikuwa dada mkubwa wa mama yake Nasriya. Yeye ndiye aliyemlea.

Kazija alizaa mabinti wawili Ng'ambo ya Unguja, kila mmoja na baba yake. Hamdiya, mkubwa, baba yake alikuwa mchukuzi wa bandarini, mtu wa asili ya Nyasa, na Hamdiya alitoka mweusi tititi kama yeye. Nunu, mdogo, baba yake alikuwa Mwarabu mwenye duka. Watu wa yule Mwarabu walipohamia Maskati miaka ya sabini walimchukua Nunu kwa sababu ni damu yao, na Hamdiya wakamchukua kwa sababu Nunu hakuacha kulia. Akaja na sanduku moja na ngoma mbili ndogo. Tangu siku ya kwanza, Nunu alikuwa binti wa nyumba ile na Hamdiya alikuwa mtu wa Nunu. Tofauti hiyo hapana aliyeitamka, na kila mtu aliijua.

Hamdiya hakukaa kulialia. Katika mwaka mmoja alikuwa na kundi lake, wanawake watano, weusi wote, wanaoimba upande wa wanawake kila wiki mara mbili au tatu. Waliingia kwa mlango wa jikoni na jikoni ndiko walikokula. Ukumbini, hata hivyo, walikuwa wao ndio wenye shughuli. Nunu alipoolewa na Marhoon, Hamdiya akamtungia dada yake *Nenda kwa Pole*, na tangu siku hiyo kila bibi harusi akautaka.

Aliupanga hivi. Beti mbili za mwanzo zilikuwa za wote. Ubeti wa tatu ulikuwa wa bibi harusi peke yake: Hamdiya alikwenda kwao wiki moja kabla, akakaa naye, akamsikiliza anaogopa nini na anapenda nini, akamtungia wa kwake, ukaimbwa siku ile tu na usirudiwe tena. Kisha akafunga na ubeti wa mwisho, alioutia jina lake kama walivyofanya watunzi wa kwao tangu zamani:

Aliyetunga ni mimi, Hamdiya wa Kazija;
msiimbe bila jina, hata siku nisokuja.

Lakini kila mara ikawa vile vile. Ubeti wa bibi harusi ukiisha, wanawake hawakuweza kujizuia, vigelegele vikaripuka, na ubeti wa jina ukazama humo humo. Mwenyewe alikuwa akicheka: "Jina langu hulijua mpiga zumari na mpishi." Harusi mia ngapi aliimba, na jina likapotea kwenye furaha ya watu.

Nunu alikufa Nasriya akiwa na miaka saba. Marhoon akaoa tena, na mke mpya hakutaka mtoto wa mwenziwe, basi msichana akabaki Ghala kwa Hamdiya. Baba alimtembelea kila Idi na kumletea nguo. Hamdiya alimpeleka shule, akamsuka, akamfundisha kuswali, na usiku wa harusi alimpakata kwenye gari akaenda naye kazini. Kazi ya mtoto ilikuwa kukaa nyuma ya ngoma na kushika mkoba wenye wanja na khanga ya kubadilisha.

Wakirudi nyumbani, Hamdiya alitumbukiza miguu katika beseni la maji ya moto yenye chumvi, na hapo mahakama ikafunguliwa. Alizichambua nyimbo zote alizozisikia wiki ile, za redioni, za harusini, zake mwenyewe, asimwonee mtu huruma. "Yule wa Alhamisi ana sauti, sikatai, lakini kaujaza wimbo mpaka msikilizaji hana pa kukaa." "Huyu anaimba huku anaangalia nani anamwangalia." "Mimi leo nilikimbia ubeti wa pili, nlikuwa na njaa." Kisha alimgeukia mtoto. "Wewe umesikia nini?"

"Nzuri."

"Nzuri ni neno la kununulia embe. Umesikia nini?"

Na mtoto alilazimika kusema, hata kama ni saa ngapi, ngoma iliingia wapi, sauti ilipungua wapi, neno gani lilimwingia na kwa nini. Hivyo ndivyo ustadha Nasriya alivyosoma. Vyuo alivyokwenda baadaye vilimpa vyeti, lakini masikio alipewa kwenye beseni la Ghala. Ile sentensi ya msikilizaji asiye na pa kukaa, iliyosomwa madarasani, sasa unajua ilitoka kinywani mwa nani. Na haikuwa moja. Ukizikusanya zile walizozipenda watu katika miaka kumi na miwili ya ukurasa wake, zaidi ya nusu zilisemwa kwanza kwa Kiswahili, na mwanamke asiyejua kusoma Kiarabu.

Aibu ilianza akiwa na miaka kumi na minne. Katika harusi moja, binti wa darasa lake, jina lake Ruba, aliingia jikoni kutafuta maji akamkuta Nasriya anakula na wapiga ngoma kwenye sinia moja. Jumamosi, siku ya kwanza ya wiki ya shule, mbele ya darasa zima, Ruba akasema, "Kumbe Nasriya ni wa wapiga ngoma." Basi, hakutukana zaidi ya hapo. Nasriya hakupigana wala hakulia. Alirudi nyumbani akasema kichwa kinamuuma, na tangu siku hiyo hakwenda tena harusini. Yeye ni mweupe wa rangi kwa upande wa baba na wa babu, jina lake la ukoo lina uzito, akajua kwamba akinyamaza tu, watu watamaliza wenyewe yaliyobaki.

Alipoposwa na Aws, Bi Maha alimuuliza: "Mama yako alikufa mapema. Nani aliyekulea?"

"Jirani," Nasriya alisema. "Mwanamke mmoja wa Ghala."

Bi Maha alimtazama kwa muda mrefu, akageukia kahawa yake.

Na kuna hili la harusi yenyewe, ambalo Nasriya hulisema kwa shida kuliko yote. Wiki mbili kabla, alikwenda Ghala akamkuta Hamdiya anashona kifungo. "Mama mkubwa," akamwambia, "siku hiyo usijichoshe. Njoo ukae tu, kama mgeni."

"Mgeni?"

"Upumzike."

Hamdiya aliukata uzi kwa meno. "Haya, mwanangu. N'takuja nikae."

Akaja. Alivaa gauni la kijani jipya, akakaa meza ya mwisho kabisa, karibu na mlango wa jikoni, kwa mazoea. Wakati wa kumtoa bibi harusi, kilipigwa kisanduku cha muziki. Mwanamke aliyewatoa mabibi harusi wa nusu ya Maskati alimwona wa kwake anatolewa na mashine, naye akapiga makofi kufuata mdundo, asipoteze hata pigo moja. Nasriya aliyaona yale makofi. Aliona aibu hapo hapo, akiwa na hina mikononi na dhahabu kifuani, na hakufanya kitu.

Turudi mwaka huu. Jumuiya moja ya sanaa iliandaa jioni ya turathi katika hoteli kubwa karibu na Bustan, Ghassan atunzwe kwa wimbo wake, na ustadha aseme dakika tano. Ijumaa kabla ya siku hiyo, Nasriya alikwenda Ghala pamoja na binti yake, Shahad, mwenye miaka kumi na sita. Kwa Shahad, Hamdiya alikuwa "Bibi wa Ghala" tu, na hakupata kuambiwa zaidi. Lakini alimpenda, na siku hiyo alitaka kumfurahisha.

"Bibi, ngoja nikusomee alivyoandika Mama. Ni juu ya wimbo wa Ghassan, ule mashuhuri, ya'ni Oman nzima wanauimba."

"Shahad, acha," Nasriya alisema. "Bibi amechoka."

"Sikuchoka," Hamdiya alisema. "Soma, mwanangu."

Shahad akasoma kwenye simu, anakigeuza Kiarabu kuwa Kiswahili polepole, anajikwaa, anaanza tena. Alipofika kwenye msikilizaji asiye na pa kukaa, Hamdiya aliinua kichwa. Alipofika kwenye mkeka, Hamdiya akasema kwa upole, "Maneno haya n'nayajua."

Nasriya alilitazama zulia.

"Hebu nipigie huo wimbo," Hamdiya akasema. Shahad akaupiga. Kizee kikausikiliza mpaka mwisho, kidole kinagonga kwenye goti. "Kijana ana pumzi. Hapa kwenye 'shukani' kaingia mapema, lakini atajifunza. Beti mbili tu kaimba?"

"Ndizo zilizopo," Shahad alisema. "Mama kaandika, hauna mwenyewe."

Nje, nyundo za gereji ziligonga, zikanyamaza. Hamdiya alimgeukia Nasriya. Hakuwa na hasira usoni. Afadhali angekuwa nayo.

"Ubeti wa jina uko wapi, Nasriya? Mwimbie mtoto ausikie."

Na Nasriya, mwenye ubeti ule kichwani tangu hajaota meno ya pili, na binti yake anamtazama, akasema, "Siukumbuki."

Hamdiya akatikisa kichwa mara moja. "Basi. Kama wewe huukumbuki, ndo' umekwisha." Akaomba asaidiwe kuinuka, wakati wa asri umeingia.

Garini Shahad aliuliza, "Mama, ubeti wa jina ndo' nini?" Nasriya alimwambia afunge mkanda. Siku tatu alikaa na kalamu. Aliichana hotuba yake, akaiandika upya, na kila akiiandika neno *turathi* lilirudi mahali pake, maana akiliondoa ilibidi aweke jina, na akiweka jina, basi Bi Maha na mashemeji zake na wakubwa wake wa kazini watajua yeye ni wa sinia lipi. Hicho ndicho alichokiogopa tangu alipokuwa na miaka kumi na minne. Upande wa pili kulikuwa na mwanamke wa miaka sabini na tatu aliyeambiwa usoni kwamba amesahauliwa, na aliyemwambia ni mtoto aliyemlea.

Jumatatu saa kumi na moja jioni ukumbi ulikuwa umejaa. Bi Maha alikaa safu ya tatu, Aws pembeni yake, Shahad pembeni ya baba yake. Nasriya alipanda jukwaani na karatasi. Akasoma aya ya kwanza, ya pili. Alipofika kwenye *turathi* alisita, akarudi mwanzo wa mstari, akasita tena pale pale. Akaikunja karatasi.

"Wimbo huu una mwenyewe," alisema. "Anaitwa Hamdiya wa Kazija. Yu hai, anakaa Ghala. Ndiye mama yangu mkubwa, dada wa mama yangu, na ndiye aliyenilea. Aliwaimbia wake zenu na mama zenu, akala jikoni kwenu, na mimi nilikula naye. Nilimjua siku zote. Nikasema hauna mwenyewe kwa sababu niliona haya."

Kisha akauimba ubeti wa jina. Hana sauti, masikini, Mungu alimpa masikio tu. Alikosea mizani kwenye mstari wa pili, na safari hii hapakuwa na kigelegele hata kimoja cha kuufunika. Kila mtu alilisikia jina.

Ghassan alikuwa amesimama kando na maikrofoni yake, iliyo wazi. Alikuwa ameduwaa kwelikweli. "Lakini ustadha," akasema, na sauti ikatoka kwenye spika zote, "si nilikuuliza?"

Hakukusudia kumwaibisha. Nasriya aliitikia kwa kichwa, mbele ya watu wote. "Uliniuliza," akasema, akashuka.

Watu walipiga makofi ya kuokoa hali. Katika ujia wa nje Bi Maha alimsubiri, mkono juu ya mkongojo. Nasriya alikwenda kwake kama mshitakiwa.

"Mama, nisamehe, nilikuficha."

"Ulinificha nini?" Bi Maha alisema. "Mimi nimetolewa na Hamdiya. Nilifika kutoka Mwanza sina mama hapa, wala dada. Alikaa nami mchana kutwa, akanitungia ubeti ambao n'nao mpaka leo, huuimba peke yangu nikikuna nazi. Alikuwa akija na kitoto kilichoshika mkoba, harusi za mawifi zangu zote. Unadhani sikukijua kitoto kile kilipokuja kuposwa?"

Nasriya alitaka kuomba radhi tena, Bi Maha akamzuia kwa mkono.

"Nilikuuliza nani amekulea, ukasema jirani. Nikasema ataona haya leo, kesho atamtaja. Siku ile ya simu nikaacha kumimina kahawa, nikasema atamtaja sasa." Bi Maha alitengeneza ushungi wake. "Sote tulikuwa tunajua, mwanangu. Tulikuwa tunakungoja wewe."

Kwa hiyo miaka yote ile hapakuwa na siri. Palikuwa na mwanamke mmoja tu aliyenyimwa, na amenyimwa bure. Nasriya alilia kwenye ujia ule mpaka Shahad akamletea maji.

Kesho yake hakwenda kazini. Alimkuta Hamdiya kibarazani, miguu ndani ya beseni. Akakaa chini, sakafuni, pale alipokuwa akikaa zamani.

"Nimelisema jina lako, mama mkubwa."

"N'najua. Shahad kanipigia, kanisikilizisha." Hamdiya alichezesha vidole majini. "Mstari wa pili umeuvunja mizani."

"Najua."

"Na yale mengine? Ya mkeka, ya pa kukaa?"

Nasriya aliinamisha kichwa. "Hayo sikuyasema."

"Hayo ndo' yangu zaidi. Wimbo niliwapa watu. Yale nilikupa wewe."

"Kesho Jumatano. Nitayaandika yote, kwa jina lako."

"Andika," Hamdiya alisema, kama anayeambiwa habari ya hali ya hewa.

Wakakaa. Mafundi wa gereji walikuwa wamekwenda kuswali, palikuwa kimya. Nasriya alikuwa na neno moja lililomkaa kooni tangu ujiani Bustan, tangu Bi Maha aliposema ana ubeti wake mpaka leo, na sasa hakuweza kulimeza tena.

"Mama mkubwa. Mimi ulinitungia? Ubeti wangu?"

"Nlikutungia. Mwezi mzima. Ulikuwa mzuri kuliko wote, hata wa mama yako."

"Niimbie."

Hamdiya alimtazama. Hakuwa na hasira usoni, kama Ijumaa ile.

"Siukumbuki," akasema.

Nasriya alisubiri, labda atacheka, labda atakohoa aanze. Hakuanza. Alikuwa ameyarudisha macho yake kwenye beseni. Nasriya akatia mkono majini, akayakuta yamepoa, akaingia jikoni kuchemsha mengine.